Kukipitisha kiwanda cha alizeti mwaka wa mdororo

Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa juu ya meza za mbao, yanang'aa juani. Mwaka mzuri meza hizo huwa tupu kabla ya magharibi. Mwaka mbaya madumu ni yaleyale tangu Jumatatu hadi Jumatatu nyingine, na jua linayaharibu taratibu huku mwenye mali akiyapangusa vumbi.

Mwongozo huu ni wa mwenye mashine inayoyajaza madumu hayo: mashine moja au mbili za kukamua, chujio la vitambaa, ghala, na watu kati ya watano na kumi na watano. Ndicho kiwanda ninachokijua. Anayetengeneza sabuni au vitanda atabadilisha majina ya vitu, hesabu atazikuta zinafanana.

Kwanza nikiri kosa langu, maana hatua nyingi hapa chini zimetokana nalo. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiuza sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti duniani. Tarehe 28 Aprili Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke. Bei ya mafuta ya kula ikapaa kila mahali. Nikajiambia mwaka wangu umefika. Nikakopa, mavuno yalipoanza nikanunua alizeti kwa bei yoyote iliyotajwa, nikapanga magunia mpaka karibu na paa. Indonesia ilikuwa imeshafungua mlango tarehe 23 Mei. Katikati ya mwaka bei ya dunia ikaanza kuporomoka, na mimi nilikuwa na ghala lililojaa mbegu za bei ya juu na rejesho la benki kila mwisho wa mwezi. Mwaka uliofuata wakulima wa mikoa ya kati nao wakawa wanalia bei ya alizeti imeanguka, kilio kikafika hadi bungeni.

Viwanda vya jirani nilivyoona vikifungwa kipindi kile vilifungwa ghala likiwa limejaa. Hakuna aliyekosa mali. Walikosa fedha ya Ijumaa.

Hatua ya 1: Hesabu siku, acha kwanza faida

Chukua daftari. Andika fedha taslimu uliyonayo leo, ya mkononi, ya benki na ya simu. Usiandike mafuta yaliyo ghalani wala unachodai watu. Upande wa pili andika kinachotoka kila wiki hata usipokamua tone: mishahara ya wasioondoka, pango, rejesho la mkopo, mlinzi, chakula cha nyumbani kwako. Ndiyo, cha nyumbani pia, kwa sababu kinatoka droo ileile hata ukijifanya hukioni.

Gawa cha kwanza kwa cha pili. Ukipata wiki nne, kiwanda chako kina mwezi mmoja wa kuishi. Mimi 2022 nilikuwa na wiki moja na nusu, na nilikuwa naitwa tajiri.

Namba hiyo iandike ukutani kila Jumamosi. Lengo la hatua zote zinazofuata ni kuisogeza mbele. Ukifika wiki kumi na mbili unaweza kulala. Kabla ya hapo usinunue mashine mpya, na harusi za watu changia kwa kiasi.

Hatua ya 2: Ligeuze gunia moja ndani nje

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajua bei ya lita na bei ya gunia, katikati hapo tunakisia.

Tuchukue gunia la kilo 65. Kwenye mashine ndogo, mbegu za kawaida zikiwa kavu, mimi hupata lita 16 hadi 18. Tuseme 17. Mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua na ambayo wafugaji hulishia mifugo, huwa kilo 44 hivi. Bei nitakazotumia ni za mfano, weka zako.

Gunia umenunua 60,000. Umeme, vibarua na uchakavu wa mashine 7,000. Madumu na usafiri 6,000. Jumla umetoa 73,000. Mafuta ukiuza 4,500 kwa lita unapata 76,500. Mashudu ukiuza 350 kwa kilo unapata 15,400. Jumla 91,900, umebaki na 18,900. Maisha mazuri.

Sasa lita ishuke hadi 3,500. Mafuta yanakupa 59,500 tu. Ukiongeza mashudu unafika 74,900. Umebaki na 1,900 kwa gunia zima. Yatoe mashudu kwenye hesabu uone: umekula hasara ya 13,500.

Kwa hiyo mwaka wa shida unauza mashudu, mafuta yanakusindikiza. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilibadilisha mambo mawili siku hiyohiyo. Yale mashudu niliyokuwa nawagawia jamaa na kuyaacha nje yanyeshewe, niliyawekea chaga na turubai. Mashudu ya mashine ndogo bado yana mafuta ndani. Yakilowa yanavunda na kuota ukungu, na mfugaji wa kuku akishapoteza kuku hatarudi kwako. Pili, niliacha kuyauza yote wakati wa mavuno, ambapo kila mwenye mashine anayo. Kiangazi kikikolea, Septemba kwenda Novemba, nyasi zimekwisha na wafugaji wanayatafuta wenyewe kwa pikipiki.

Rudia hesabu ya gunia kila bei inapobadilika. Na ukiwa na bidhaa mbili au tatu, kila moja ipate ukurasa wake. Utashangaa ile unayojivunia ndiyo inayokunyonya.

Hatua ya 3: Jua bei yako inapangwa wapi

Haipangwi Singida. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayotumika Tanzania yametoka nje, na mengi ni mawese ya Malaysia na Indonesia. Mawese yakishuka huko, dumu la duka la jumla Dodoma linashuka baada ya wiki chache, na mama wa nyumbani aliyekuwa anasema alizeti ni bora kwa afya anaanza kusema mafuta ni mafuta.

Fuatilia vitu vitatu tu. Bei ya mawese ya Malaysia, inayopatikana bure kwenye simu. Thamani ya shilingi kwa dola, kwa sababu shilingi ikidhoofu mafuta ya nje yanapanda na wewe unapumua, japo vipuri vyako navyo vinapanda. Na hotuba ya bajeti ya Juni, sehemu ya ushuru wa mafuta ya kula. Ushuru huo umekuwa ukipandishwa na kushushwa, na mwaka unaposhushwa usiwe wewe uliyejaza ghala Mei.

Hatua ya 4: Nunua kwa mafungu

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tukaisoma kama habari ya kuweka akiba tu. Isome pia kama habari ya kununua.

Gawa fedha ya msimu mafungu manne. La kwanza nunua mavuno yanapoanza, Mei au Juni. Kamua, uza, uone soko linasemaje. La pili nunua Julai. La tatu litumie tu kama mafuta ya fungu la kwanza yamekwisha kulipwa. Nasema kulipwa, kuuzwa peke yake hakutoshi. La nne liache. Ni fungu la kununulia kwa bei ya kutupa toka kwa aliyejaza ghala kama mimi wa 2022, au ni la mishahara ya Januari.

Utakosa faida mwaka bei itakapopaa. Ndiyo gharama yake, nami naiona ni nafuu. Nimeshakosa faida mara mbili kwa njia hii na bado niko hapa naandika.

Ukilazimika kuweka akiba ya mali, weka mbegu badala ya mafuta. Mbegu kavu, safi, juu ya chaga, mbali na ukuta, inakaa miezi. Mafuta yakishatoka saa inaanza kuhesabu. Ukiingiza mkono ndani ya gunia ukasikia joto, limwage uanike leo, usisubiri kesho.

Hatua ya 5: Kamulia watu

Hii ndiyo iliyoniokoa, na nilikuwa naidharau.

Mkulima analeta magunia yake, unamkamulia, anaondoka na mafuta yake. Wengine wanalipa fedha kwa gunia, wengine wanakuachia mashudu kuwa ndiyo malipo. Hujanunua mbegu, hujabeba hatari ya bei, dumu ni lake. Faida kwa gunia ni ndogo, ila haikuhitaji mtaji hata senti moja, na mwaka ambao bei ya gunia imeanguka wakulima wengi hukataa kuuza mbegu, wanataka kukamua wauze mafuta wenyewe. Yaani kazi hii inaongezeka wakati ile yako inapungua.

Masharti yawe matatu. Pima gunia mbele ya mwenyewe, andika kilo kwenye kitabu, nyote mweke sahihi au dole gumba. Usichanganye mbegu za watu wawili. Na kibandike kibao cha bei, ili mtoto wa diwani na bibi wa kijijini walipe sawa. Mkulima mmoja akihisi umemwibia lita mbili, habari inafika mnadani kabla yako.

Mwaka wa kwanza nilipochukulia kazi hii kwa uzito, nilianza na siku moja kwa wiki, Alhamisi. Kufikia Agosti zilikuwa siku nne. Mama mmoja alikuja na magunia mawili kwa mkokoteni wa punda, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu asubuhi mpaka tone la mwisho, hakuondoa macho kwenye bomba. Alipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, hizi siku zote ulikuwa unatunyima kwa nini?" Sikuwa na jibu la maana.

Fundi samani anaweza kufanya hivyohivyo: mteja alete mbao zake, alipie ufundi. Mwenye mashine ya sabuni anaweza kumtengenezea mtu mwingine sabuni kwa jina lake, malighafi ikiwa ya huyo mwenye jina.

Hatua ya 6: Washa mashine siku chache, zijae

Mashine ya kukamua haitoi vizuri ikiwa baridi. Gunia la kwanza la asubuhi linatoa mafuta kidogo, mashudu yake yanatoka manene na yenye mafuta, mpaka chuma kipate moto. Sasa piga picha: kazi imepungua, nawe unawasha kila siku kwa saa mbili. Kila siku unatupa lile gunia la kwanza.

Kusanya kazi. Siku mbili kwa wiki, toka asubuhi hadi usiku, mashine ikishapata moto isipoe. Umeme unapungua kwa kila lita, vibarua unawaita siku mbili kamili badala ya siku sita nusunusu, nao siku nyingine wanatafuta riziki kwingine bila kukudanganya kuwa wanaumwa.

Siku zilizobaki fungua mashine. Skrubu iliyolika inakula lita moja kwa gunia bila kupiga kelele. Kipindi cha mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023 kuingia 2024, nilipata muda mwingi sana wa kufungua mashine, na nikakuta pete mbili zimekwisha kabisa. Nilikuwa nawalaumu wakulima kwa mbegu mbaya.

Hatua ya 7: Mfuate mlaji anakokimbilia

Watu hawaachi kukaanga vitunguu kwa sababu uchumi ni mgumu. Anayenunua galoni la lita tano anahamia lita moja, wa lita moja anahamia kwa mangi, mwenye kiduka cha mtaani, anapimiwa mafuta ya mia tano kwenye kifuko au kikombe chake. Mauzo ya galoni yakianza kulala, usipunguze bei ya galoni kwanza. Peleka dumu la lita 20 kwa maduka yanayopima. Chupa nzuri na lebo ya rangi ni gharama ambayo mlaji wa kipindi hicho haitaki.

Halafu kuna mali kauli. Utaipenda inapoanza, maana mafuta yanaondoka. Mwenye duka anachukua madumu kumi, atalipa akiuza. Tatizo anauza, analipa ada ya mtoto, anakuambia bado biashara ngumu. Mwaka wa mdororo unakuwa benki ya mtaa mzima, benki isiyo na riba wala dhamana.

Sheria yangu: mali kauli kwa maduka matano tu, niyajuayo, dumu la pili halishuki mpaka la kwanza lilipwe, na fedha naifuata mwenyewe siku ileile ya wiki, asubuhi, kabla hajaagiza sukari. Anayelipa papo hapo nampunguzia kidogo kwa dumu. Kuna maduka niliyoyapoteza kwa sheria hii. Kwenye hesabu ya siku, ile ya ukutani, hayajaonekana.

Hatua ya 8: Kopa na zungumza mapema

Nenda benki kabla hujachelewa rejesho hata moja. Mwenye rekodi safi anaweza kuongezewa muda. Mwenye miezi mitatu ya deni anapokelewa na mtu mwingine kabisa, mwenye sura nyingine. Peleka daftari la gunia. Afisa mikopo aliyeona ukurasa ule kwangu aliongeza muda wa marejesho, na alikiri wateja wengi huja na maneno matupu.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, usiiguse, hata kwa wiki moja, hata kwa mshahara. Afadhali uuze pikipiki.

Makadirio ya kodi nayo yanarekebishika. Ulikadiria mauzo ya mwaka mzuri, mwaka umegeuka. TRA wanapokea makadirio mapya kabla mwaka haujaisha, na awamu zinazobaki zinapungua. Wengi hawaendi kwa sababu wanaogopa jengo. Nenda na vitabu vyako, keti, eleza.

Kama mko kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya, kwa hiyo uliza kwa afisa maendeleo ya jamii, usimsikilize aliyekopa zamani.

Hatua ya 9: Watu wako

Mkusanye kila mtu, waonyeshe namba ya ukutani. Wanajua tayari kwamba mambo ni magumu, wanaona madumu. Kinachowakera ni kukuona unanong'ona kwenye simu.

Kupunguza siku za kazi kwa makubaliano ni rahisi kusema, kutenda kunauma, ila kunakubakishia fundi anayesikia mashine imebadilika sauti kabla haijavunjika. Huyo hutampata tena kwa tangazo. Ukilazimika kupunguza mtu, sheria ya kazi inataka uwape taarifa na kushauriana nao kwanza, na aliyefanya mwaka au zaidi ana kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Hesabu hiyo uifanye kabla hujatamka jina la mtu.

Hatua ya 10: Tumia utulivu kwa makaratasi

Mwaka mzuri hakuna mtu mwenye muda wa alama ya ubora. Mwaka mbaya muda huo unao. Anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako, shirika hili la kusaidia viwanda vidogo liko tangu 1973 kwa kazi hiihii. Chukua barua ya utambulisho, upeleke TBS, shirika la viwango. Kwa wajasiriamali wadogo serikali imekuwa ikibeba gharama ya alama hiyo kwa miaka ya mwanzo. Watakuja kukagua sakafu, maji, wavu wa madirisha, mahali pa kubadilishia nguo, kisha wachukue sampuli.

Mimi walinirudisha mara ya kwanza kwa sababu ya dari. Mara ya pili kwa paka, aliyekuwa analala juu ya magunia na ambaye nilikuwa namhesabu kama mfanyakazi wa ghala. Tulimhamishia nyumbani, tukaweka mitego ya panya, na cheti kilipotoka, supamaketi moja ya Dodoma iliyokuwa hainijibu simu ikaagiza katoni arobaini. Wanalipa baada ya siku thelathini. Nimewaingiza kwenye yale maduka matano.